Kulambisha Wembe

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa mazoezi kaniambia niwe naandika kila siku: mgonjwa amekula nini, amelala vipi, mkono umesogea au haujasogea. Haya. Amekula nusu sahani. Amelala mchana kutwa. Mkono haujasogea.

Karatasi zimebaki nyingi, acha niseme na mengine. Mgonjwa ni mume wangu, Baba Pacha, kinyozi. Ni kinyozi wa wembe, ule mrefu unaokunjwa ukaingia ndani ya mpini wake. Chumba cha mbele cha nyumba hii tunayopanga ndicho duka lake, na ukuta mmoja tu unatenganisha kitanda chetu na kiti cha wateja. Januari, akiwa anakunja mataulo, kiharusi kikamwangusha pale pale. Upande wa kulia ukalala. Maneno yamerudi, polepole, moja moja, kama watu wanaochelewa mkutano. Mkono haujarudi, na duka halijafunguliwa tangu siku ile.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule hadi nilipostaafu. Miaka yote ya ndoa yetu kazi yangu humo dukani ilikuwa kufua mataulo na kufagia nywele. Wembe sijawahi kuushika.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua zimeanza. Amekula vizuri kidogo. Amekataa mazoezi, amekataa kunyolewa. Ndevu zimemjaa uso, nyeupe pe, na huyu ni mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kutoka nje na hata unywele mmoja kidevuni.

Staili alivuka barabara kuja na mashine yake amsaidie. Staili ni yule kijana mwenye saluni ng'ambo, ya mashine za umeme na muziki. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Baba Pacha, akaondoka kabla hajafika kwenye wembe. Baba Pacha alimwangalia, kisha akageukia ukutani. Kijana akaaga. Mlangoni akaniuliza, kwa upole, lakini akauliza, kama kile kiti cha duka tunakiuza.

Nikamwambia kiti kina mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Mama mwenye nyumba alikuja na mwavuli wake, hakutaka kukaa. "Mama Pacha, sina neno na nyinyi. Mmekaa kwangu vizuri. Lakini chumba cha barabarani hakiwezi kufungwa kikawa cha panya. Yule kijana wa ng'ambo anakitaka apanue saluni yake. Nitangoja mvua ziishe. Zikiisha mlango bado umefungwa, nampa."

Nikamfikishia Baba Pacha habari.

"Mpe," akasema.

Pacha wetu, kwa simu kutoka huko waliko na familia zao, wamesema hivyo hivyo kwa maneno mengi zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nina mengi.

Baada ya chakula cha mchana alisinzia. Nikaingia dukani kwa mlango wa ndani, nikafungua dirisha nusu. Vumbi, harufu ya sabuni iliyokauka, kalenda bado inasema Januari. Kando ya kiti, kwenye ndoano yake, ulikuwa umening'inia mkanda: ngozi ndefu, pana kama kiganja, mgongoni imeshonewa turubai. Ndio anaopitishia wembe kabla ya kila uso. Nimemwona akifanya hivyo nikiwa na ndoo ya mataulo mkononi, mara nyingi mno. Sauti yake naijua kuliko wimbo wowote.

Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kuisikia ile sauti tena ndani ya nyumba. Nikatoa wembe mmoja kwenye kasha, nikaufungua. Nikaukamata mkanda chini kwa mkono wa kushoto, nikauvuta, nikaanza. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Nilijiona fundi. Nilipozidisha kasi, mwisho wa safari ya kurudi nikaugeuza wembe, nao ukazama. Ngozi ikafunuka kidogo, kijiulimi kikasimama.

Kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti: "Umegeuzia makali."

Nilisimama kama mwizi aliyemulikwa tochi. "Baba Pacha, hujalala?"

"Nililala. Umeniamsha. Wembe unageuziwa mgongo. Mgongo hautoki kwenye ngozi."

Nikaenda chumbani na mkanda mkononi. Alikuwa ameketi, yeye mwenyewe, bila kuinuliwa. Uso ulimwiva kwa hasira, na nitaandika ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Tangu hospitali sikuwa nimeuona uso wake ukiwa na kitu chochote.

"Umekata mkanda wangu."

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ukucha wa kidole cha mwisho."

Akapitisha kidole gumba cha kushoto juu ya lile jeraha, macho kayafumba. "Droo ya chini kuna msasa laini. Paka gundi chini ya hicho kijiulimi, kikandamize, kikikauka ukisugue taratibu mpaka kidole kisikione. Kisha tundika, funga mlango. Hii si kazi ya kukoroga masufuria."

Akalala, akanipa mgongo.

Nimetia gundi. Nimetundika mkanda. Mlango sikuufunga.

Jumamosi, 15 Machi

Amekula chote. Nilipoingia dukani hakusema neno. Nilipogeuza wembe vibaya akakohoa.

Jumatano, 19 Machi

Ndiyo namna tunavyofanya sasa. Mimi nipo dukani, yeye yuko kitandani, ukuta katikati. Nikikosea anakohoa. Nikikosea sana anasema. Nashangaa anavyosikia. "Mkanda umelegea," anasema, na kweli mkono wangu wa kushoto umechoka, ngozi imebonyea katikati. "Ukilegea unayakunja makali badala ya kuyanyoosha. Vuta." Au: "Umeanza na ngozi. Turubai kwanza, ngozi baadaye." Au kubwa kuliko yote, analolisema mpaka limenichosha: "Unakandamiza. Unakoroga, Mama Pacha. Usikoroge."

Mkono wangu umekoroga chakula cha shule nzima kwa nusu ya maisha yangu. Haujui kugusa kitu bila kukisukuma.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kutwa. Nimenuniwa na mimi nimenuna. Amekula robo.

Jumanne, 25 Machi

Nimemuuliza kwa ukali: "Nisipokandamiza, wembe utapataje makali? Huo mkanda unapigwa au haupigwi?"

Nikasikia kitanda kikilia nyuma ya ukuta. Kisha: "Haupigwi. Makali yako kwenye wembe tayari, yametoka kwenye kinoo. Mkanda unayaweka sawa tu. Uache wembe ulambe ngozi. Ulambe kama paka anavyolamba maziwa. Umewahi kumkandamiza paka kichwa?"

Nikacheka peke yangu mbele ya kioo. Nyuma ya ukuta nikasikia na yeye kitu kama kicheko. Mtu huyu nimeishi naye miaka na miaka, nyumbani husema "lete chumvi" na "funga mlango." Mizaha yake yote alikuwa anawapa wateja. Nilidhani hana.

Jumatano, 2 Aprili

Leo alinyamaza. Nikapitisha wembe kwenye turubai, nikapitisha kwenye ngozi, polepole, nikauacha uzito wake ufanye kazi. Kwenda, kugeuza kwa mgongo, kurudi. Hakukohoa. Nikaendelea. Sauti ikawa ile ile, ile niliyokuwa naitafuta: laini, ndefu, kama mtu anayefunua kitabu bila haraka.

Nikasubiri.

"Jaribu mkononi," akasema.

Nikauweka wembe juu ya vinyweleo vya mkono wangu, bila kugusa ngozi. Vikaanguka vyenyewe.

"Vipi?"

"Vimekatika."

"Vyote?"

"Vyote."

Baadaye nesi wa mazoezi alipofika, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anamngoja. Akanitazama kama anayeuliza umempa dawa gani.

Jumamosi, 5 Aprili

Amekula vizuri. Amenifundisha kupangusa wembe na kuupaka tone la mafuta kabla ya kuukunja, maana mvua hizi zinaleta kutu hata kwenye kijiko. Mkanda ndio wenye masharti: hauguswi na maji, haukunjwi, haulazwi mezani. Unaning'inia. Na kila asubuhi, kabla ya wembe, unasuguliwa kwa kiganja kitupu mpaka upate joto. "Kuupa kiganja," ndivyo anavyoita. Anasema mkanda wake una kiganja chake ndani kuliko mkono wenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Niliandika Jumamosi kwamba mkanda hauguswi na maji. Leo sikuwepo nyumbani, nilikwenda kuchukua dawa. Mvua ikamwagika kama imefunguliwa bomba. Bati la duka lilikuwa limeinuka kona, nasi hatuna habari. Maji yakashuka ukutani moja kwa moja hadi kwenye ndoano.

Mdogo wangu, dereva wa lori, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, alikuwa amekuja kumwangalia shemeji yake. Akauona mkanda unatiririka. Kwa nia njema kabisa akauchukua akaulaza juu ya waya kando ya jiko lenye moto.

Niliporudi ulikuwa umekuwa ubao. Umejikunja kingo, umepauka, ukiupinda unalia. Redio akaanza kunieleza jinsi alivyouokoa. Nilitoka nje nikasimama chini ya mvua, maana sikutaka Baba Pacha asikie. Nilikuwa nimekwishaanza kuamini, ndilo lililoniuma. Duka hili lina nyembe tano na mkanda mmoja, na mkanda huo aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Mpya wa aina hiyo haupo tena madukani.

Nilipoingia, Baba Pacha alikuwa hayupo kitandani.

Alikuwa amesimama dukani. Amejishikilia kwenye kiti, mguu wa kulia umeburutwa, pumzi juu juu, lakini amesimama. Ameukamata mkanda kwa mkono wa kushoto, anaunusa.

"Shemeji, nisamehe," Redio akawa anasema. "Mimi kwenye lori kitu kikilowa tunakianika tu, sikujua hii ngozi ina mambo yake."

"Nyamaza kidogo," Baba Pacha akamwambia bila hasira. Kisha kwangu: "Haujafa. Una kiu."

Ijumaa, 11 Aprili

Maelekezo yake, nayaandika nisiyasahau. Kitambaa chenye unyevu kidogo sana, kuulainisha. Kuuzungusha juu ya chupa laini, taratibu, kwenda na kurudi, mpaka uache kulia. Kuulaza kati ya mbao mbili bapa na kuweka uzito juu yake, kivulini, mbali na moto. Kisha mafuta ya kwato za ng'ombe, ya kulainisha ngozi, tone moja kwa siku. Nilitaka kutia mawili. "Ukiulevya utateleza," akasema. "Wembe hautaushika."

Redio amepanda juu kuziba bati. Tumemsikia akizungumza na misumari.

Jumatano, 16 Aprili

Mkanda umenyooka, lakini bado mkavu, umekosa ule uhai. Sasa kilichobaki, anasema, ni kiganja. Kila siku, muda mrefu. Mimi nasugua asubuhi mpaka mabega yanawaka moto.

Leo mchana nilipumzika, nikasikia sauti dukani. Nikachungulia. Ameketi kwenye kiti cha wateja, mkanda umetandazwa mapajani. Ameuweka mkono wake wa kulia juu ya ngozi, ule mkono uliolala, na juu yake ameweka wa kushoto, anausukuma. Kwenda, kurudi. Mgonjwa ambaye nesi ameshindwa kumshawishi ashike mpira wa sponji.

Nikarudi nyuma kimya kimya. Nikakaa jikoni nikiisikiliza.

Jumanne, 22 Aprili

Nesi wa mazoezi amepima mkono. Vidole viwili vimefunguka vyenyewe. Akauliza anafanya zoezi gani. "Nauguza mkanda," Baba Pacha akasema. Nesi akanigeukia mimi. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Ngozi imeanza kung'aa tena. Bado ina doa pale maji yalipoingia, na lile jeraha langu la kwanza bado linaonekana ukilijua. Lakini nilipolambisha wembe leo ile sauti ilirudi. Tuliisikia wote wawili, tumesimama chumba kimoja, hakuna ukuta.

"Sasa," akasema, "nenda kanunue maputo."

Jumapili, 27 Aprili

Muuza duka aliniuliza ni sherehe ya nani. Nikamwambia ya mume wangu.

Puto linajazwa upepo, linapakwa povu la sabuni, nawe unaliondoa povu lote kwa wembe bila kulipasua. La kwanza lilipasuka kabla sijaligusa vizuri, nadhani kwa woga wangu. La pili likapasuka. La tatu. Jirani akagonga kuuliza kama tuko salama. Baba Pacha alikuwa amejaa povu usoni, kwenye zile ndevu zake nyeupe, anatikisika mabega kwa kucheka, machozi yanamtoka.

La tisa au la kumi, sijui, lilitoka safi. Kavu, jekundu, zima. Nimelitundika kwenye kioo.

Jumamosi, 3 Mei

Redio alijitolea. Alisema anadaiwa kwa ajili ya mkanda, basi uso wake ndio huo, ila nikimkata koo nimpelekee mkewe lori lake. Aliendelea kuzungumza wakati namfunga taulo, aliendelea wakati napaka sabuni. Nilipoufungua wembe akanyamaza. Nimekuwa dada yake maisha yake yote, sijawahi kumsikia amenyamaza akiwa macho.

Niliuogopa mkono wangu mpaka wembe ulipogusa shavu. Kisha woga ukaniacha. Sijui kueleza. Kule kulambisha kote kulikuwa kumeufundisha mkono wangu kitu kabla sijakijua mwenyewe: wembe ukitiwa makali sawasawa hauhitaji nguvu, unahitaji kuachwa. Shavu la kulia, la kushoto, shingo. Chini ya kidevu nikamkwaruza, tone moja la damu, nikaliziba na jiwe la shabu.

Redio akajitazama kwenye kioo upande huu na upande ule. "Dada," akasema, "nimekuwa kijana." Baba Pacha akamwita, akampapasa kidevu kwa mkono wa kushoto, akienda kinyume na ndevu zinavyoota.

"Umeacha hapa," akaniambia. "Na hapa."

Nilingoja jioni nzima aseme zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi niliamka kitanda kitupu. Nilimkuta dukani, kwenye kiti, taulo ameshajiweka shingoni vibaya vibaya kwa mkono mmoja. Mvua ilikuwa imetulia, mwanga umeingia dirishani.

"Nitakaa hapa mpaka lini?" akauliza.

Nikachemsha maji. Nikaupa mkanda kiganja. Turubai, kisha ngozi. Alisikiliza kila mpito na mimi nilijua anasikiliza. Nilipomaliza nikasubiri kikohozi. Hakikuja.

Ndevu za miezi si mchezo. Nilizipunguza kwanza kwa mkasi, nikazilowesha kwa taulo la moto, nikapaka povu, nikapaka tena. Upande wa kulia wa uso wake bado umelegea kidogo, ngozi haijivuti yenyewe. "Ivute kwa kidole," akasema. Nikaivuta. "Laza wembe zaidi." Nikaulaza. "Hapo." Akanielekeza shavu zima la kwanza, neno kwa neno, kama mtu anayemwelekeza dereva mgeni njia ya kwake.

Kwenye shavu la pili maneno yakapungua. Nilidhani amekasirika. Nikamaliza mdomo wa juu, nikashuka kooni, mahali ambapo mapigo yanaonekana. Nikainama kumtazama.

Alikuwa amelala usingizi. Mdomo wazi kidogo, anakoroma, na wembe wangu kooni.

Nilimaliza bila kumwamsha. Kisha nikakaa kwenye benchi la wateja nikamwangalia. Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye, ameibuka chini ya ule uso mweupe wa mgonjwa: kidevu chake, kovu dogo la utotoni, mashavu yamekonda lakini yake. Nililia kidogo na nikajifuta na taulo la duka, ambalo ni lazima nilifue mimi mwenyewe.

Alipoamka akajipapasa. Kinyume na ndevu, kila mahali. Alichukua muda wake.

"Fungua mlango," akasema.

Jumamosi, 10 Mei

Tumefungua. Wamekuja wawili: mzee mmoja, mteja wake wa siku zote, ambaye alikuja kumjulia hali, na mshona viatu wa jirani. Mzee alinyolewa. Mshona viatu alisema ataangalia kwanza mzee kama atafika kesho.

Alhamisi, 15 Mei

Mzee alifika kesho. Mshona viatu amenyolewa.

Lakini wengi wanachungulia, wanamwona Baba Pacha kwenye kiti cha pembeni na fimbo yake, wananiona mimi na wembe, wanasema watapita baadaye. Mmoja alisema usoni pangu: "Mwanamke na wembe, hapana, mama." Nikamwambia mke wake hushika kisu kila siku naye analala fofofo. Baba Pacha akapenda sana hilo, amelirudia kwa kila aliyeingia.

Mama mwenye nyumba amepita kwa mbali. Ameutazama mlango ulio wazi.

Alhamisi, 22 Mei

Dhoruba. Nguzo ya umeme imeanguka mwisho wa mtaa. Giza kila nyumba.

Jumamosi, 24 Mei

Nimechoka hata kalamu ni nzito, ila leo nisipoandika nitakuwa nimejidhulumu.

Umeme haujarudi. Asubuhi mapema nilikuwa naupa mkanda kiganja, Baba Pacha ameshika ncha ya chini, nikaona Staili anavuka barabara. Nyuma yake, upande wa pili, chini ya paa la saluni yake, wamejipanga vijana waliovaa suruali nzuri na fulana za ndani. Harusi. Bwana harusi na wenzake, ndugu zake, baba yake mkubwa. Walikuwa wameweka miadi kwake. Mashine zake zote zimekufa, na ndoa ni saa nne.

Alisimama kizingitini, hakuingia. Maji ya mvua yanamtiririka usoni, hajui aanzie wapi.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama." Akaelekeza kidole ng'ambo. "Nimekwama."

Nitasema ukweli niliousikia moyoni. Nilitaka aombe kidogo zaidi. Huyu ndiye aliyekuwa akikipima chumba hiki kwa macho nasi tumo ndani.

Baba Pacha akanitazama mimi. Hakujibu yeye. Aliningoja, kama vile duka ni langu.

"Sabuni unakumbuka kupaka?" nikamuuliza Staili.

"Nakumbuka, mama."

"Basi nawa mikono. Waite."

Wakaingia wote, wakalijaza duka hadi mlangoni, wakajaa na nje chini ya upenu. Walipomwona aliyeshika wembe ni mimi, minong'ono ikaanza. Bwana harusi, kijana mrefu mwenye macho ya hofu ya siku yake, akamtazama Staili. Staili akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu hapa amenyoa uso wa mwalimu wangu, na mwalimu wangu hakumruhusu mtu mwingine yeyote. Hata mimi alinigeuzia mgongo."

Bwana harusi akakaa kitini.

Basi tukafanya kazi. Staili anapaka povu, na anapaka vizuri, mikono yake haijasahau. Baba Pacha anashikilia mkanda: ameukamata kwa mikono yote miwili, wa kulia umezungukwa na wa kushoto, vidole vyake vimefunga vyenyewe. Akiuvuta mkanda unanyooka kama uzi. Mimi nalambisha, nanyoa, napangusa, nalambisha. Kila uso mpya, mkanda kwanza. Mtu mmoja akasema tunachelewa, kwa nini nirudie kila mara. Baba Pacha akamjibu, "Mwenzako aliyetangulia amekula makali yake. Unataka makombo?" Duka zima likacheka, na huyo mtu akakaa akasubiri zamu yake kwa adabu.

Hakuna aliyekatwa. Hata mmoja. Baba mkubwa wa bwana harusi ana ndevu kama waya wa kusugulia sufuria, na ngozi yenye mikunjo, nikaivuta kwa kidole, nikaulaza wembe, ikatoka laini kama sahani. Akajipapasa, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nyuma ya ukuta. Akadhani ni jina la chuo.

Katikati ya hayo yote mama mwenye nyumba akatokea na mwavuli wake. Hakuweza kuingia, alisimama nje nyuma ya migongo ya wanaume, akinyanyua kichwa.

"Naona kuna foleni," akasema.

"Kuna foleni, mama," Baba Pacha akamjibu. "Lakini wewe tukipenda tutakutanguliza."

Akacheka huku akijikaza asicheke, akaenda zake. Kwa alivyotembea nilijua amekwishaamua.

Waliondoka kwa magari wakipiga honi, nyuso zinang'aa. Staili akabaki kufagia. Hakuombwa. Alipomaliza akasimama mbele ya mkanda, hakuugusa. "Mwalimu," akasema, "niliondoka mapema mno." Baba Pacha akamwangalia. "Alhamisi saluni yako huwa haina watu," akasema. "Njoo. Lakini atakufundisha mama. Mimi nitakohoa tu."

Jumanne, 27 Mei

Umeme umerudi. Mama mwenye nyumba kaleta fundi wa bati, kwa gharama yake. Wanne wamenyolewa leo.

Alhamisi, 29 Mei

Staili amekuja. Amekandamiza. Nimemwambia habari ya paka.

Jumatatu, 2 Juni

Jua kavu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Milango yote wazi. Baba Pacha alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha pembeni, mkono wa kulia juu ya fimbo, umeshika. Mimi nilikuwa ndani naupa mkanda kiganja.

Akaja mgeni na begi, wa safari, hatumjui, naye ni mara ya kwanza kutuona. Akasimama kusoma maandishi ya juu ya mlango, kisha akamgeukia Baba Pacha, nadhani kwa sababu ya zile nywele nyeupe na ule uso ulionyolewa vizuri.

"Shikamoo mzee. Fundi ndiye wewe?"

"Marahaba," akasema Baba Pacha. "Fundi yuko ndani, anaandaa wembe. Ingia ukae." Akasogeza fimbo ampishe njia. "Mimi ni mume wake."